Karakana ya kusuka viti Kamalondo: kazi inazozifanya vizuri na zile inazozikataa

Lubumbashi haijawahi kukosa seremala wa kutengeneza kitanda au kabati, lakini mtu anayeweza kukifungua kiti cha kusukwa, kuziondoa chane zilizokatika na kurudishia nyingine bila kukiachia kiti kovu ni wa kutafutwa kwa kuulizia. Katika komini ya Kamalondo, ndani ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba, wenye mwembe mkubwa, ipo karakana ndogo isiyo na kibao ambayo imenitengenezea viti vya barza vya aina tatu: viti vya rotini ya asili (mmea wa kuparamia), viti vya plastiki iliyosukwa juu ya fremu ya alumini, na viti vya chuma vilivyowambwa kwa kamba za plastiki. Kazi hizo hazilingani kwa vifaa wala kwa ugumu, na sikuridhika nazo kwa kiwango kimoja.

Jambo linaloitofautisha karakana hii tangu mwanzo ni kwamba bei haitajwi kabla kiti hakijapinduliwa. Fundi hukilaza kichwa chini juu ya gunia, huitikisa miguu mmoja baada ya mwingine, na hudunga kila kiungo kwa msumari mrefu wenye mpini wa mti. Msuko wenyewe huutazama mwisho. Mpangilio huo una sababu. Katika kiti cha mabomba ya chuma, maji ya mvua huingia kupitia ncha za miguu ambazo vifuniko vyake vimetoka, hukaa humo, na kutu hulila bomba kutoka ndani wakati rangi ya nje bado inang'aa. Mteja huona msuko uliolegea na kudhani huo ndio ugonjwa, kumbe fremu imekwisha kupinda. Kiti changu kimoja kilitobolewa na msumari huo juu kidogo ya unyayo wa mguu, na hapo hapo nikaambiwa nikipeleke kwanza kwa mchomeleaji ndipo kirudi kusukwa. Karakana haina mashine ya kuchomelea na haijifanyi kuwa nayo. Kwenye viti vya alumini, ambavyo havipati kutu nyekundu, kinachotazamwa zaidi ni nyufa katika sehemu zilizochomelewa, na pia skrubu za chuma, kwa kuwa chuma na alumini vikigusana mahali penye maji, alumini ndiyo inayoliwa.

Viti vya rotini ya asili ndivyo vilivyonifanya niitafute karakana hii, na ni kwa hivyo nilivyoridhika zaidi. Ni viti viwili vya mikono na benchi moja, vya zamani, vilivyoletwa kutoka Kinshasa, na adui yao mkuu ni hali yetu ya hewa. Rotini ni mmea wa jamii ya mitende unaoparamia miti ya msitu wa mvua, na umezoea unyevu wa mwaka mzima. Katika misitu mikavu ya miombo ya hapa Katanga hauoti. Hapa kwetu mvua hunyesha tangu Novemba hadi Machi au mwanzoni mwa Aprili, kisha miezi hupita karibu bila tone, na ifikapo Agosti hewa imekauka kiasi kwamba hata milango ya mbao hupungua na kuacha mianya. Chane zilizokazwa na msusi katika nchi ya unyevu hunywea, hupoteza ulaini, na hukatika pale zinapopinda juu ya ukingo wa mbele wa kiti, mahali ambapo paja la mkaaji huzikandamiza kila siku. Mvua zikirudi, zile zilizosalia huvimba, viungo hulegea, na kiti huanza kulia kila mtu anapojisogeza.

Rotini zinazotumika nchini si za aina moja. Ile nene, ambayo wataalamu wa mimea huiita Laccosperma secundiflorum, hutumika kwa fremu, na ile nyembamba inayopindika kwa urahisi, Eremospatha macrocarpa, ndiyo inayopasuliwa kuwa chane za kusukia na za kufungia viungo. Fundi hana haja na majina hayo, kwa kuwa huzitenganisha kwa kucha na kwa kuzipinda, na ana fimbo kadhaa mbovu alizoziweka kando ili kuwaonyesha wateja wanaouliza kwa nini vifaa vyake si vya bei ya chini. Fimbo yenye madoa ya buluu iliyofifia ndani yake ilichelewa kukaushwa baada ya kukatwa, ikaingiwa na ukungu. Ile yenye vitundu kama vilivyodungwa kwa sindano, ambayo ukiigonga humwaga unga mwepesi, ina wadudu, na kuiingiza katika kiti kizima ni kukipelekea kiti hicho ugonjwa. Nadhani ni mara chache mtu hulipia huduma na kuonyeshwa kwanza vile ambavyo hatatumiwa.

Nilikaa kuitazama kazi yenyewe. Chane kavu hulowekwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa kama nusu saa, na zile nene zaidi kidogo. Zikiachwa usiku kucha rangi yake hugeuka kijivu na nyuzi zake husimama. Pale chane ya zamani ilipokatika, fundi haungi ncha kwa ncha. Huifuata hadi nyuma ya kijiti cha mtande, yaani kile kilichosimama ambacho chane huzungukia, kilicho kizima, huikata hapo, huilaza mpya sambamba na ya zamani kwa upana wa vijiti vitatu au vinne, kisha mshindio huendelea, juu na chini, juu na chini, mpaka upande wa pili, na ncha zote huishia upande usioonekana. Kwa kuwa chane imesukwa ikiwa imelowa, inapokauka hujikaza yenyewe, na kwa hiyo kiti kilichotoka kusukwa hakikaliwi mpaka kikauke barabara kivulini. Mteja mwenye haraka, anayekichukua jioni ile ile na kukikalisha wageni, hulegeza kazi yote kabla haijajifunga, na fundi hulisema jambo hilo kwa sauti isiyoficha kwamba limekwisha kumtokea.

Kwenye miguu na mikono ya kiti, ambako viungo hushikiliwa na chane iliyozungushwa, mwanzo wa chane hulazwa chini ya mizunguko yake yenyewe, na mwisho wake hupitishwa chini ya mizunguko mitatu ya mwisho na kuvutwa kwa koleo hadi uzame. Hakutumia msumari hata mmoja. Benchi langu lilikuwa limetengenezwa zamani mahali pengine kwa misumari ya kawaida, na kila msumari ulikuwa umeacha doa la kutu pamoja na ufa mwembamba uliofuata unyuzi wa rotini. Fundi aliing'oa yote na kufunga upya. Mwisho kabisa alipitisha haraka mwali wa spiriti juu ya msuko ili kuunguza vinyweleo vilivyosimama, jambo linalotisha kulitazama lakini ambalo humwachia mkaaji sehemu laini isiyokwaruza nguo.

Nina malalamiko mawili kuhusu viti hivyo. Chane mpya zina rangi ya asali iliyopauka na za zamani ni za kahawia, kwa hiyo kiraka kinaonekana kutoka hatua kadhaa, na itachukua misimu kadhaa kabla rangi hizo hazijakaribiana. Fundi hukataa kuzipaka rangi, akisema rangi hukwaruzika na kukifanya kiti kionekane kichafu, na katika hilo huenda ana haki. Lakini la pili halina utetezi: vanishi aliyopaka ni nzito kupita kiasi na inang'aa mno. Vanishi nene juu ya kitu kinachonywea na kuvimba kila mwaka hupasuka na kubanduka, na maji huingia chini yake. Katika kiti cha pili niliomba apake mafuta ya kitani peke yake, akakubali bila kununa, na hicho ndicho ninachokipenda zaidi.

Viti vya plastiki iliyosukwa ni habari nyingine. Dukani huuzwa kwa jina la rotini, lakini ni tepe za plastiki, mara nyingi polietilini, na huwa na sifa ya kutokuhitaji matunzo. Sifa hiyo ni ya kweli kuhusu maji. Kuhusu jua ni kweli nusu, hasa katika mji ulio kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, wenye miezi mingi isiyo na wingu. Nilikuwa na viti vinne vya kijivu vilivyokaa uani, vyote vikiwa na tepe zilizokatika kwenye kiti na kwenye mgongo, na nilivipeleka vyote nikitarajia bei moja ya jumla.

Fundi alikata kipande kidogo cha utepe chini ya kiti na kukidondosha kwenye beseni. Kilielea. Polietilini ni nyepesi kuliko maji na huelea, wakati PVC, ambayo pia hutumika katika viti vya bei ndogo, huzama. Tofauti hiyo huamua namna ya kutengeneza, kwa sababu PVC hukubali gundi yake maalumu, ile wanayotumia mafundi wa mabomba, ilhali polietilini haishikwi na gundi ya kawaida yoyote. Viti vyangu viwili vilikuwa vimewahi kubandikwa na mtu mwingine kwa gundi ya tone, na kila kiungo kilikuwa kimefunguka, kikiwa na ganda jeupe la gundi lililobanduka zima zima kama kucha ya bandia. Kwenye polietilini, kiungo kinachodumu ni cha kupitisha, kukunja na kubana.

Kisha alichukua utepe wa juu, uliotazama jua, akaukunja kati ya vidole viwili. Kwenye viti viwili ulipinda na kurudi. Kwenye viwili vingine ulipauka pale ulipokunjwa, ukalia, ukakatika, na vidoleni mwake ukabaki unga mweupe kama wa chaki. Jua huikata minyororo mirefu ya molekuli inayoipa plastiki nguvu yake, na likishafanya hivyo hakuna mafuta wala rangi ya kuirudisha. Plastiki nyeusi hustahimili zaidi kwa sababu ya masizi yanayochanganywa ndani yake, kwa kawaida asilimia 2 hadi 3, ambayo huimeza mionzi kabla haijafanya uharibifu. Rangi za kijivu na nyeupe hutegemea dawa nyingine ambazo kiwanda kinaweza kuzitia kwa ukarimu au kwa uchoyo, na mnunuzi hana njia ya kujua.

"Mama, hivi viwili tusidanganyane," alisema. "Nikisuka hapa, kesho panakatika pale, na wewe utarudi kunidai."

Alikuwa na kazi ya malipo mkononi, akaikataa, na kwa mtazamo wangu hapo ndipo huduma hii inapostahili alama zake za juu. Kisha akatoa pendekezo ambalo nisingelifikiria. Tepe zilizo upande wa chini wa kiti na nyuma ya mgongo uliokuwa ukitazama ukuta hazikuwa zimepigwa na jua, na bado zilikuwa nyumbufu. Kwa idhini yangu alivifumua viti viwili vilivyokufa, akakusanya tepe zake za kivulini, na kwa hizo akavitengeneza viwili vilivyosalia. Matokeo yake ni kwamba rangi ililingana karibu kabisa, jambo ambalo tepe mpya zisingeweza kulifanya, kwa sababu mabunda yanayopatikana mjini, ambayo huuzwa kwa kilo na huletwa kutoka nje ya nchi, mara nyingi ni meusi au ya kahawia. Nilibaki na viti viwili badala ya vinne, pamoja na fremu mbili nzima za alumini ambazo anaweza kuzisuka upya siku nitakapokuwa na fedha.

Ususi wa tepe hizo unahitaji joto. Utepe wa plastiki una kumbukumbu ya mkunjo wake wa zamani na hukataa kulala pale unapotakiwa. Wengine hutumia mashine ya kupuliza hewa ya moto, lakini umeme wa mtaa huo haukutegemeka siku zote nilizofika, na fundi hutumia sufuria ya maji ya moto juu ya mbabula, yaani jiko, ya makala. Njia hiyo ni ya polepole, ila ni salama zaidi: polietilini ngumu huyeyuka kwenye nyuzi joto zinazokaribia 130, kwa hiyo maji yanayochemka huilainisha bila kuiharibu, ilhali mwali wa kiberiti, ambao nimeona ukitumiwa kwingineko, huufanya utepe uwe mwembamba na kuuandalia mahali pa kukatika. Utepe uliolainika hupitishwa chini ya nguzo tatu au nne za msuko, hukunjwa kurudi, na ncha yake hubanwa kwa pini ya chuma kisichopata kutu upande wa ndani. Nimevikalia viti hivyo tangu mwanzo wa masika, na hakuna ncha iliyojitokeza.

Kuhusu viti vya kamba za plastiki, sina mengi ya kusema. Ni kazi ya mkono wenye nguvu kuliko akili nyingi: kamba huanzishwa kwa fundo kwenye bomba, huvutwa kutoka ukingo hadi ukingo, na ubora wote uko katika kuvuta kwa nguvu ile ile kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiti kilichorudi kutoka kwa mchomeleaji kiliwambwa vizuri upande mmoja na kulegea kidogo upande mwingine, nadhani kwa sababu kilimaliziwa na kijana mwanafunzi jioni. Nilipokirudisha kilikazwa upya bila malipo na bila ubishi. Kamba zenyewe ni zile zile zinazouzwa sokoni kwa kuanikia nguo, na mteja anaweza kuleta rangi anayoitaka.

Bei hutajwa kwa dola na unaweza kulipa kwa faranga. Nililipa dola 40 kwa kila kiti cha rotini, 55 kwa benchi, 25 kwa viti viwili vya alumini pamoja, na 15 kwa kiti cha kamba nilicholeta na kamba zake. Kwa rotini naona ni bei ya haki, tena huenda ni ndogo ukizingatia saa zinazotumika. Kwa plastiki, mtu apige hesabu mwenyewe: ikiwa tepe zilizokatika ni chache na zilizobaki zinapinda bila kupauka, kutengeneza ni faida, ikiwa kiti kinaacha unga mkononi, gharama ya kukisuka chote upya hukaribia ya kununua kingine, na kitakachokufanya uendelee ni kama fremu yake ni nzito na nzuri kuliko zile zinazouzwa sasa.

Udhaifu wa karakana ni wa aina inayojulikana. Siku ya kukabidhi husogea, na mara moja ilisogea kwa zaidi ya wiki mbili kwa sababu rotini ilikuwa haijafika. Hakuna risiti isipokuwa uiombe, na ukiiomba huandikwa kwenye karatasi ya daftari bila kueleza kazi iliyofanywa, jambo ambalo kwa mtu mwenye hoteli au ofisi halitatosha. Usafiri ni juu ya mteja, na viti vinapofungwa juu ya pikipiki ya magurudumu matatu kwa kamba nyembamba, chane mpya zinaweza kukwaruzwa kabla hazijafika nyumbani. Beba matambara ya kuweka kwenye pembe. Nafasi ya kungojea ni ndogo na vumbi la barabarani hutua juu ya vanishi mbichi, nami nina mkono mmoja wa kiti wenye chembe za mchanga wa Kamalondo zisizotoka.

Wakati wa kukabidhi, fundi hutoa maagizo machache, na yote nimeyaona kuwa ya maana. Viti vya rotini visikae penye mvua hata chini ya ukingo wa bati, kwa sababu matone yanayoruka kutoka sakafuni huozesha miguu. Katika miezi ya kiangazi vipanguswe kwa kitambaa kilichokamuliwa maji mara moja moja ili chane zisikauke kupita kiasi. Vya plastiki vioshwe kwa sabuni na maji, kamwe si kwa petroli, na vigeuzwe upande ili jua lisipige mgongo ule ule mwaka mzima. Miguu ya vile vya chuma itobolewe tundu dogo chini ili maji yatoke, kazi ambayo ataifanya mwenyewe ukimkumbusha.

Foleni hurefuka Septemba na Oktoba, wakati kila mtu anapokumbuka barza yake kabla ya mvua. Anayetaka kiti kirudi kwa wakati akipeleke Julai au Agosti, atoe nusu ya malipo, na aombe mafuta ya kitani badala ya vanishi kabla kazi haijaanza.